Tupeane uzoefu: misheni gani ya RuneScape imekukaa moyoni mpaka leo?

MwanaMichenzani

Assalamu alaykum jamaa. Uzi huu nimeufungua kwa waliocheza RuneScape, lile gemu la mtandaoni, wa zamani na wa leo. Najua humu tumo wengi. Wapo walioanzia kwenye kompyuta za kukodi za mjini, enzi zile gemu linafunguka ndani ya kivinjari bila ya kusakinisha kitu, na wapo vijana walioingia baada ya Oktoba 2018, Old School, toleo la kizamani la gemu hili, lilipokuja kwenye simu. Nataka tuzungumzie misheni. Tuwache levo, tuwache dhahabu, tuwache nani kamuua nani kule nyikani. Misheni moja uipendayo kuliko zote, na kwa nini.

Nimechagua misheni kwa sababu naamini ndizo zinazolitenga gemu hili na mengine. Kwengine utaambiwa ua nguruwe pori kadhaa, rudi uchukue zawadi. Huku unatumwa kwa mtu, mtu ana shida yake, na shida ile haimaliziki mpaka umsikilize. Ukiruka maneno yake umepotea njia.

Naanza mimi. Yangu ni Recipe for Disaster, lakini siwezi kuieleza bila ya kupita kwa Cook's Assistant, ambayo kila mmoja wenu ameifanya. Mpishi wa kasri ya Lumbridge ana keki ya siku ya kuzaliwa ya Duke, mtawala wa mji, na hana vifaa. Anataka yai, ndoo ya maziwa na unga. Unaokota yai kwenye banda la kuku, unamkama ng'ombe, unachuma ngano shambani, unapanda juu ya kinu unaimimina, unavuta mkono wa kinu, unateremka chini kuuzoa unga. Basi. Unamkabidhi, anakushukuru, unakwenda zako na dunia. Mpishi unamsahau.

Misheni ya mia ya gemu, iliyotoka Machi 2006, inaanzia kwa mpishi yuleyule. Safari hii kuna karamu ya wakubwa, wageni wako mezani, na katikati ya karamu anatokea mchawi aitwaye Culinaromancer kuja kuwaangamiza. Wakati unasimamishwa. Wageni wanabaki wameganda vitini mwao, na kazi yako ni kumkomboa kila mmoja kwa kumlisha kile chakula kinachomfaa yeye peke yake. Mbilikimo anataka keki ngumu ya mawe. Majenerali wa goblini, vile vijitu vya kijani, wana chao. Pirate Pete anataka andazi la samaki. Evil Dave anataka mchuzi wa viungo, na hapa ndipo nilipovua kofia: kipimo cha viungo vya mchuzi ule ni tofauti kwa kila mchezaji. Hata ukasome maelezo ya mwenzako neno kwa neno, hutapika mchuzi wako kwa kipimo chake. Lazima uonje, ukosee, uonje tena.

Sisi tumekua tunapelekwa na sahani za futari nyumba za jirani kabla ya adhana. Mama anajua nani hali pilipili, nani hana meno apelekewe uji, nani akipelekewa mhogo atafurahi kuliko biriani. Misheni ile kwangu ilikuwa vivyo hivyo, kila sahani na mwenyewe. Glavu za mwisho zinazopatikana kwenye kasha la chini ya jiko, zile ambazo watu wote wanazifukuzia, mimi nilizichukua tu kwa kuwa zilikuwepo. Kilichonikaa ni wale watu mezani.

Haya, karibuni. Msitaje jina tu mkaondoka. Elezeni.

Nahodha_Mkokotoni

Waalaykum salaam kaka. Mie bila ya kufikiri: Dragon Slayer.

Kwetu sisi ni watu wa vyombo. Ami yangu ni fundi wa mashua, na utoto wangu umepita ufukweni juu ya mbao na vumbi la randa. Sasa mtoto kama huyo anaambiwa na gemu: kuna joka kisiwani Crandor, limeshakiangamiza kisiwa kizima, na hakuna chombo kitakachokubali kukupeleka. Kitafute mwenyewe.

Kuanza kwake tu unatakiwa uwe na pointi 32 za misheni, ndipo mlango wa Champions' Guild ufunguke. Maana yake kabla ya kupewa joka umeshatumwa na watu wengi, umeshabeba unga, sufi na barua. Halafu unaambiwa ramani ya kufika Crandor imekatwa vipande vitatu. Kimoja kiko ndani ya nyumba ya Melzar yenye milango ya rangi. Kimoja kiko katika mgodi wa mbilikimo, nyuma ya mlango unaofunguka kwa vitu vinne visivyohusiana, na mmoja wao ni dema la kamba wakubwa. Cha tatu anacho goblini mmoja aliyefungwa jela ya Port Sarim, na akikuuzia anataka sarafu 10,000. Mwenye subira na uchawi kidogo huwa hamlipi.

Tuje kwenye chombo, maana hapa ndipo pangu. Bandarini Port Sarim yuko bwana mmoja anaitwa Klarense, anauza jahazi lake Lady Lumbridge kwa 2,000. Unanunua, unapanda, unateremka chini ya sitaha, unakuta tundu. Mbao tatu, nyundo, misumari ya chuma cha pua 90. Unapigilia ubao, unapigilia wa pili, unapigilia wa tatu, tundu limefungika.

Siku ile ami alikuwa amesimama nyuma yangu anangoja nimtafutie kitu kwenye simu. Akaangalia ule ubao wa mwisho ukiingia, akauliza kwa dhati kabisa: "Na pamba iko wapi?" Nikamwambia hakuna pamba, ami, ni misumari tu. Akavuta kigoda akakaa. Akanieleza kalafati kutoka mwanzo: pamba inavyosokotwa, inavyochovywa mafuta, inavyoshindiliwa baina ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, mpaka ukigonga unasikia kwa mlio kwamba imekaa. Akanieleza kwa nini ubao uliopigiliwa misumari peke yake utaingiza maji hata ungekuwa mpya, na kwa nini sifa, yaani mafuta ya papa, hupakwa nje. Miaka yote nilikuwa nayaona yale mambo pwani, hajapata kukaa kitako akanieleza hivyo. Kanieleza kwa sababu ya Lady Lumbridge.

Nahodha wake ni Ned, mzee wa kijiji cha Draynor anayesokota kamba. Ukitaka kamba anakuuzia kwa sarafu 15 au umletee sufi mafundo manne. Ni baharia aliyekaa nchi kavu kwa miaka. Unamwambia una chombo, anakubali pale pale. Nawajua wazee wa namna hiyo, nimewaona kwa macho yangu.

Jambo la faida kwa anayetaka kuifanya: ngao ya kukinga moto wa joka anaitoa Duke wa Lumbridge bure, kamwombe tu, na usiende bila ya hiyo. Na ukishafika Crandor, kabla ya kumkabili Elvarg, ndiye joka mwenyewe, teremka pangoni utafute ukuta wa siri unaotokea kisiwa cha Karamja, uufungue. Joka linalichoma jahazi mnapofika, kwa hiyo ukifa bila ya kuufungua ukuta ule itakubidi utengeneze chombo tena. Elvarg ni levo 83. Ukimuua ndipo unaruhusiwa kuvaa deraya ya madini ya rune kifuani.

Swahiba_Jangombe

Hiyo yote ni bure au mpaka ulipie uanachama? Mimi nipo kwenye ile ya bure tu.

Nahodha_Mkokotoni

Bure kabisa. Dragon Slayer ndiyo kilele cha misheni za bure. Ile ya MwanaMichenzani ya karamu ndiyo ya uanachama. Ila dhahabu ya gemu inanunua bondi, na bondi moja ni siku 14 za uanachama, kwa hivyo wapo wanaolipia kwa jasho la humo humo.

Dada_Chake

Mimi ni muuguzi, na nilianza kucheza zamu za usiku ziliponiharibia usingizi wa siku za mapumziko. Nataka kuzungumzia Plague City na inayofuata, Biohazard. Anayetaka kuzifanya mwenyewe bila ya kujua mwisho aruke maneno yangu.

Mji wa Ardougne umegawika mara mbili kwa ukuta. Upande wa magharibi wanasema kuna tauni, na hakuna anayeingia wala kutoka. Walinzi wanaovaa vinyago ndio wanaosimamia. Mzee Edmond na mkewe Alrena wako upande wa mashariki, na binti yao Elena amevuka kwenda kuhudumia wagonjwa, hajarudi. Kazi yako ni kumtafuta.

Kwa nini naipenda: kila hatua ni kazi ya mikono. Mama anakushonea kinyago, unamletea matunda ya dwellberry ayatie ndani. Baba anataka kuchimba handaki kutoka bustanini, lakini ardhi ni ngumu, kwa hivyo unamwaga ndoo nne za maji kwanza ndipo jembe liingie. Ukifika chini kuna nondo zimeziba njia. Unafunga kamba, Edmond anavuta na wewe. Yeye mwenyewe, mzee, anavuta.

Ukitokea ng'ambo unakuta watu. Kuna familia ina mtoto wa kike, na mtoto ndiye aliyemwona Elena akichukuliwa. Watu wazima hawakumuuliza. Halafu kuna afisa wa mji, Bravek, ambaye hakusikilizi mpaka umletee dawa ya kichwa chake cha ulevi wa jana: maziwa, unga wa chokoleti na nyasi za snape. Roho ya mtu imefungwa kwenye nyumba, na ruhusa ya kumtoa inangoja mkuu apone ulevi. Nilipofika hapo niliwacha simu nikasimama.

Biohazard ndiyo iliyonimaliza. Elena sasa ana sampuli anataka ipimwe na bwana mmoja wa mji wa Varrock, pamoja na chupa tatu za dawa za kupimia. Ukizibeba chupa mwenyewe, walinzi wa geti la Varrock watakupekua wakunyang'anye. Kwa hiyo unawapa vijana watatu wa Rimmington kila mmoja chupa yake, na lazima uwasikilize kwanza ujue tabia zao. Chancy ni mcheza kamari, Hops ni mnywaji, Da Vinci ni msanii. Ukimpa Hops kinywaji chenye kunyweka, atakinywa. Ukimpa Chancy kitu cha thamani, ataweka rehani. Ninapotuma sampuli kwenda maabara ya mbali najua kuwa safari ile inategemea nani kaibeba kuliko inavyotegemea chupa.

Na mwisho wake ni kwamba tauni hakuna. Mfalme Lathas anakiri mwenyewe kwamba ni hadithi iliyotungwa. Watu wamefungiwa, wamevishwa woga, mtoto wa watu kahatarisha maisha yake kuutafutia dawa ugonjwa ambao haupo. Na bado ukiendelea mbele unagundua hata kukiri kwake kulikuwa na uongo ndani. Sijaona gemu jingine lililoichukulia afya ya watu kwa uzito huo.

MwanaMichenzani

Dada, hapo kwa wale vijana watatu nimefurahi. Nani apewe nini basi? Kwa wageni.

Dada_Chake

Da Vinci apewe ethenea, Chancy apewe asali ya maji, Hops apewe sulphuric broline, hiyo hawezi kuinywa. Wote wanakungoja baa ya Dancing Donkey, ndani ya Varrock.

Karafuu_Konde

Pirate's Treasure, wallahi. Fupi, ya bure, na haina anayeitaja.

Maharamia mmoja wa Port Sarim, Frank, atakuelekeza hazina ilipo ukimletea romu ya Karamja. Kuvuka kwenda Karamja ni sarafu 30. Romu iko kule, lakini ofisa wa forodha anapekua kila anayeondoka. Kwa hiyo unaomba kazi kwenye shamba la ndizi la Luthas. Unachuma ndizi, unajaza kasha, na ndani ya kasha unaificha ile chupa. Kasha linakwenda zake dukani kwa Wydin kama mzigo wa halali. Unarudi, unaomba kazi kwa Wydin, unavaa aproni nyeupe, unaingia stoo, unaitoa.

Mie nimekua kwenye mikarafuu na migomba, na sehemu niliyoipenda si hazina. Ni lile shamba. Luthas analipa sarafu 30 kwa kasha la ndizi kumi. Yaani kasha moja ni nauli ya kuvuka mara moja. Mchezaji mpya mwenye nauli ya kwenda tu anaweza kuvuka, akajaza kasha, akapata ya kurudia. Aliyetengeneza hesabu ile anajua maana ya mtu kufanya kibarua ili apate nauli. Nilibaki pale nikiendelea kujaza makasha hata baada ya misheni kwisha, na huko ndiko nilikopata pesa ya upanga wangu wa kwanza.

Baba_Salma

Goblin Diplomacy. Naicheza na binti yangu, yupo darasa la tatu.

Majenerali wawili wa goblini wanagombana juu ya rangi ya deraya zao. Mmoja anataka hii, mwenziwe anataka ile, na jeshi zima limesimama. Unawaletea ya rangi ya machungwa, hawaitaki. Unawaletea ya buluu, hawaitaki. Mwisho wanaipenda ya kahawia, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Salma alicheka mpaka mama yake akaja kutazama kuna nini.

Lakini kilichonifanya niiandike hapa ni rangi. Rangi anazitengeneza Aggie, mchawi wa Draynor. Umpelekee vitunguu viwili na sarafu tano akupe manjano. Beri nyekundu tatu na sarafu tano akupe nyekundu. Ya machungwa hakupi, unaichanganya mwenyewe kutoka hizo mbili. Nilimwachia Salma afikirie. Akaniangalia, akachanganya. Siku ya pili yake akaniomba rangi za maji na karatasi, na mpaka leo zipo ukutani.

Mwongozaji_Pete

Nawasalimu. Kazi yangu ni kutembeza wageni msituni Jozani, kwa hivyo mtajua tu nitataja ipi. Monkey Madness.

Narnode, mfalme wa gnome (watu wafupi wa msituni), amepoteza kikosi chake cha kumi na anakutuma ukakitafute. Unafika Ape Atoll, na hatua chache tu ndani ya kisiwa nyani wenye pinde wanakushusha. Unaamka jela. Watu wengi huichukia misheni hii hapo. Mimi nilivutiwa, kwa sababu gemu limekwambia wazi kwamba hapa si pako, na kwa upanga huingii. Itabidi ujifunze kuwa mmoja wao.

Kwanza hirizi ya kuelewa maneno yao, inayotiwa nguvu na Zooknock, mchawi wa kikosi kilichopotea aliyejificha mwisho wa pango lenye mitego. Halafu talasimu. Hiyo anayo nyani mtoto, kwenye bustani ya ndizi, anayelindwa na shangazi yake. Unangoja shangazi apite upande wa pili, unamwendea mtoto, unamwambia wewe ni ami yake. Anakuamini. Unampa ndizi. Kwa mifupa ya nyani na talasimu ile unapata kitu cha kukugeuza, ukikishika mkononi unakuwa nyani. Unapita getini wima, walinzi wanakuangalia wanakuacha.

Nawaona kima punju kila siku ya kazi yangu. Nimewaona wakishuka kutafuta mkaa wa kula. Nimewaona mama zao wanavyokaa baina ya mgeni na mtoto, hawapigi kelele, wanakaa tu hapo. Huwaambia wageni wakae mbali, wasiguse, wasiwape chakula, na wengi wanatii kwa sababu ni sheria, si kwa sababu wameelewa. Kile kitendo cha kusimama sokoni Ape Atoll ukiwa na umbo lao, ukisikia mazungumzo yao ya bei na ya jamaa zao, kimenipa njia ya kuwaeleza wageni vijana. Nikiona kijana ana tabia ya kucheza magemu namuuliza kama anaijua. Wakiijua hatuhitaji maneno mengi tena kuhusu kukaa mbali.

Mwisho kuna pepo la msitu la kupigana nalo. Zawadi ni ruhusa ya kutumia upanga uliopinda wa madini ya dragon. Sawa, upanga mzuri.

Swahiba_Jangombe

Mimi nitaja kwa upande wa pili. Iko moja naichukia, One Small Favour. Rafiki yangu alinipa akaunti yake niimalizie. Mtu mmoja anakutuma kwa mwenziwe, mwenziwe hatoi kitu mpaka uende kwa mwengine, na huyo mwengine naye ana lake. Dunia nzima nimeizunguka kwa miguu. Nani anaipenda hii?

Bi_Mkubwa_Tumbatu

Mimi naipenda, mwanangu, na nitakwambia kwa nini.

Inaanza Shilo Village kwa muuza vitu vya kale, Yanni Salika. Anataka magogo ya mahogani. Mkata miti anayo lakini shoka lake limekuwa butu. Unalipeleka kwa Brian wa Port Sarim anayeuza mashoka. Brian atalinoa, ila ana kesi, anataka Aggie amtolee ushahidi wa tabia njema. Aggie ana rafiki yake anayetaka atolewe mikononi mwa watu wabaya. Na ndivyo inavyokwenda, mpaka kwa Horvik mhunzi, kwa mfinyanzi Tassie, kwa mbilikimo Hammerspike, kwa Sanfew wa Taverley, mpaka kwa wale gnome wa vyombo vya kuruka huko kusini. Halafu ukifika mwisho wa mnyororo unaurudia wote kinyumenyume, unamkabidhi kila mmoja haki yake.

Wewe umeona kuzungushwa. Mimi niliona kwamba hakuna hata mmoja mwenye roho mbaya pale. Brian hana ubaya, ana kesi. Mkata miti hana ubaya, ana shoka butu. Kila aliyekwama kakwama kwa sababu ya mwengine asiyemjua, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda kuuliza ila wewe. Ile safari ya kurudi, unapomrudishia mkata miti shoka lake kali, ndiyo tamu yenyewe. Wewe uliikatia katikati kwa kuwa akaunti si yako, hukuwajua wale watu tokea mwanzo. Ifanye kwenye akaunti yako, taratibu, usiku mmoja watu wachache.

Na zawadi yake, pete ya chuma ya kutungia funguo, inakupunguzia mzigo mfukoni kila siku ya maisha yako ya mbele.

Swahiba_Jangombe

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekuelewa. Nitaijaribu tena kwa akaunti yangu nikipata uanachama.

Bi_Mkubwa_Tumbatu

Marahaba. Beba nguo nyepesi za safari na vitu vyako vya kujisafirisha, usitembee kwa miguu tu.

Mzee_wa_Kivinjari

Nyie vijana wa simu hamkuona Unguja ilipokaa gizani, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme wa kutoka bara haukuwepo kabisa. Kompyuta za kukodi zilizobaki zikifanya kazi ni za wenye jenereta, na bei ya nusu saa ilipanda kwa sababu ya mafuta. Kwa hivyo mtu ulikuwa hukai kwenye kiti bila ya kujua umekuja kufanya nini. Mimi na wenzangu tulikuwa tunapanga misheni nyumbani kwenye daftari, kwa taa ya kandili, tunakwenda na orodha.

Misheni ya wakati ule kwangu ni Prince Ali Rescue. Mwana wa mfalme wa Al Kharid ametekwa, amefungwa jela ndogo ya Draynor, na anayemlinda ni Lady Keli. Hakuna kupigana. Mpango wote ni wa kumtoa mlangoni akiwa amevaa kama Keli mwenyewe. Na uzuri wake ni kwamba Osman, mkuu wa majasusi, na bintiye Leela wanakwambia tangu mwanzo nini kinatakiwa, halafu wewe ndiye unayekwenda kukusanya.

Daftari langu lilikuwa hivi, nalikumbuka. Sufi mafundo matatu kwa Ned, asuke wigi. Rangi ya manjano kwa Aggie, kulipaka lile wigi. Kwa Aggie huyohuyo dawa ya kubadilisha rangi ya ngozi: beri nyekundu, majivu, unga, maji. Sketi ya waridi. Kamba. Udongo laini na pao moja la shaba nyeusi kwa ajili ya ufunguo. Bia tatu za mlinzi anayeitwa Joe.

Ufunguo ndio sehemu nzuri kuliko zote. Lady Keli anaringa. Unakaa naye, unamsifu, unamwomba akuonyeshe ule ufunguo, anakupa ushike. Unaubana kwenye udongo mara moja unamrudishia, hajui kitu. Ile alama unampelekea Osman pamoja na shaba, ufunguo unakwenda kuuchukua kwa Leela. Mtu mwenye kiburi ametoa ufunguo kwa mkono wake. Darasa zima la siasa lipo pale, na tulilijadili barazani mpaka kandili likaisha mafuta, maana baada ya nusu saa yetu kwisha hatukuwa na kingine cha kufanya isipokuwa kuzungumza.

Zawadi sarafu 700, na geti la Al Kharid linakuwa bure kwako daima badala ya kutoa sarafu kumi kila unapopita.

Mpiga_Mbizi_Kizimkazi

Waterfall Quest. Sababu yangu ni moja. Haina sharti lolote, na aliye levo ya kwanza anatoka levo ya 30 ya Attack (ustadi wa kushambulia) na ya 30 ya Strength (nguvu) kwa mpigo. Mgeni yeyote aifanye mapema. Kumbuka kaburi la Glarial lililomo humo halikubali silaha wala deraya, weka vyote benki kabla. Ila pia yale maporomoko yamechorwa vizuri, unaning'inia kwa kamba juu ya maji.

Dada_Chake

Ahsanteni nyote, nimepata za kufanya mapumziko yajayo. Prince Ali nilikuwa nimeiruka kwa kudhani ni ya watoto.

Naomba msaada sasa. Baada ya Biohazard nimesimama mlangoni mwa Underground Pass, misheni inayofuatia, naogopa kuingia bila ya matayarisho. Nasikia ni ndefu na benki haipo humo.

Mwongozaji_Pete

Ni ndefu kweli, dada. Hakikisha Ranged yako, ustadi wa kupiga kwa mbali, imefika 25, bila ya hiyo haianzi. Chukua upinde wa kawaida na mishale, si ule wa mtambo. Kamba usichukue moja, chukua zaidi. Nafasi yote iliyobaki mfukoni jaza chakula, kwa sababu mitego na madaraja ya mawe ndiyo yatakayokumaliza kabla ya adui. Zungumza na Koftik, kiongozi wa njia humo, kila unapomkuta, usimpite. Tenga usiku usio na zamu.

Dada_Chake

Jumatano sina zamu. Nitaingia baada ya Isha, inshaallah.